Baba, Galveston na barua kumi na moja

Wale mnaotusikiliza tangu mwanzo mnajua nimekuwa nikiahidi kipindi cha Baba kwa karibu miaka miwili sasa. Kila nikikitaja, mwenzangu wa podikasti anacheka, manake jibu analijua. Baba hataki. Mwezi uliopita ndiyo akalegeza kidogo. "Andika," aliniambia, "lakini usiniwekee hicho kidude mdomoni." Kidude ni maikrofoni. Basi hiki hapa ndicho nilichopata. Kina vita ndani yake na kina Galveston, na kama ulikuja kutafuta biriani ya Mama, subiri wiki ijayo.

Nianze na ugomvi, kwa sababu bila huo tusingefika Galveston. Mdogo wangu wa kiume alijiunga na jeshi la Marekani mwaka jana. Alimwambia Mama kwanza, halafu mimi, halafu Baba kwa simu, akiwa tayari ameshaweka sahihi. Baba hakupandisha sauti. Alisema "sawa" akakata simu. Tangu siku ile jina la mdogo wangu halikutajwa mezani kwao Alief. Hakulitukana, hakulilaani, alilizunguka tu kama mtu anavyozunguka dimbwi barabarani. Mdogo wangu yuko Killeen. Akipata likizo ya siku mbili anakuja kwangu Irving, analala kwenye kochi, anakula kila kitu kilichomo kwenye friji, anarudi kambini. Houston hafiki. Mimi nabeba salamu. Nimekuwa posta.

Sababu yenyewe nilidhani naijua. Siku moja tu Baba aliisema, na aliisemea Houston. Amekaa mji huu miaka arobaini, anaujua kuliko wengi waliozaliwa humu. Alinikumbusha habari ya Camp Logan, pale ambapo leo ni Memorial Park na watu wanakimbia asubuhi na mbwa wao. Mwaka 1917 waliletwa pale askari weusi wa Kikosi cha 24 cha watembea kwa miguu kulinda ujenzi wa kambi. Polisi wa mji waliwapiga na kuwadhalilisha, na usiku wa tarehe 23 Agosti askari zaidi ya mia moja wakatoka na bunduki. Watu wakafa, weupe kwa weusi. Tarehe 11 Desemba jeshi likawanyonga askari 13 kwa pamoja alfajiri huko San Antonio, bila hata kuwapa nafasi ya kukata rufaa. Waliofuata wakafikisha idadi kuwa 19. Jeshi lilikuja kuzifuta hukumu zote 110 mwezi Novemba 2023. Miaka 106. "Wanakupa bunduki," Baba alisema, "wakikuchoka wanakupa kamba." Akarudi kwenye kahawa yake.

Nilidhani ni hilo. Kumbe hilo lilikuwa kifuniko tu.

Sasa Galveston inaingiaje. Mimi ni mhandisi, nafanya mambo ya mafuriko, na kwenye fani yetu hapa Texas ni miaka mingi sasa kila kikao kinaishia kwenye malango. Kuna mpango mkubwa wa kulinda pwani, ambao bunge la Marekani liliuidhinisha mwishoni mwa 2022, na kitovu chake ni malango makubwa ya kufunga mlango wa ghuba kati ya kisiwa cha Galveston na rasi ya Bolivar kimbunga kikija. Nikaanza kusoma habari za mlango huo. Nilianza na udongo, nikaishia kwenye vita. Unajua tena, unafungua ramani ya zamani kutafuta kina cha maji, unakuta mtu ameandika "mizinga" pembeni.

Kwa sababu kaunti ya Galveston, kwa ukubwa wake mdogo, imejaa ngome. Upande wa Bolivar kuna Fort Travis. Ng'ambo yake, ncha ya mashariki ya kisiwa, kulikuwa na Fort San Jacinto. Na katikati ya ufukwe, Fort Crockett. Zilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 19, meli za adui zisipite kuingia bandarini. Halafu tarehe 8 Septemba 1900 kikaja kimbunga, kikaua watu wasiopungua 6,000, wengine wanasema 8,000 au zaidi, na hakijapatikana kingine kilichoua hivyo katika nchi hii. Mizinga haikusaidia kitu. Baada ya hapo wakajenga ukuta wa bahari wenye kimo cha futi 17, wakainua na mji wenyewe, nyumba moja moja, wakajaza mchanga chini. Mimi kitaalamu naweza kuwachosha na habari ya ule mchanga hadi usiku. Nawahurumia.

Fort Crockett iliendelea hadi vita vya pili vya dunia, na mateka wa Kijerumani waliwekwa humo. Leo ukienda pale kwenye Seawall utakuta hoteli kubwa yenye bwawa la kuogelea, na chini yake, kweli kabisa, ni mahandaki ya mizinga ya zege. Hoteli ilijengwa juu yake tu. Nilishawahi kuhudhuria harusi pale, nikacheza mduara juu ya kichwa cha mzinga bila kujua.

Katika kusoma huko ndipo nikakutana na baba na mwana. Nikajua nimpeleke Baba. Sikumwambia sababu.

Jumamosi moja ya Februari nikashuka I-45 kutoka Irving usiku, nikalala Alief, asubuhi nikamkuta Baba ameshavaa kofia. "Shikamoo Baba." "Marahaba, tunaenda kuangalia malango yako?" "Tunaenda kuangalia makaburi." Akanitazama. Mama akatupa maandazi kwenye ule mkebe wa biskuti ambao haujawahi kuwa na biskuti tangu nizaliwe. Yeye hakuja, alisema miguu, lakini nadhani alijua.

Makaburi yapo Broadway, barabara ileile unayoingilia mjini, kati ya mtaa wa 40 na wa 43. Ni makaburi kadhaa yamekaa pamoja. Unapita magari yakivuma pembeni, na huku mawe ya miaka mia na zaidi. Tuliingia upande wa Waepiskopali, tukalitafuta jiwe moja tu.

Hadithi yake ni hii. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la wanamaji la Muungano liliuteka mji wa Galveston mwezi Oktoba 1862. Alfajiri ya tarehe 1 Januari 1863 Jenerali John Magruder wa upande wa Kusini akaja kuurudisha. Askari wake walivuka daraja la reli gizani wakiburuta mizinga. Wengine waliingia majini na ngazi ili wapande gati walipokuwa wamejificha askari wa Massachusetts, na ngazi zikawa fupi. Hebu fikiria, umeingia kwenye maji ya Januari, risasi zinapita, umebeba ngazi, unaiweka, haifiki. Baharini walikuwa na mashua mbili za mto, Bayou City na Neptune, ambazo hawakuwa na chuma cha kuzikinga, wakazipanga marobota ya pamba. Pamba hiyo unajua ilichumwa na nani. Neptune ikazama. Bayou City ikaigonga manowari ya Muungano, Harriet Lane, watu wakarukia ndani na kuiteka. Manowari nyingine, Westfield, ilikwama kwenye mchanga, kamanda wake akaamua kuilipua kuliko kuiacha, ikalipuka kabla hajatoka. Asubuhi mji ulikuwa wa Kusini tena, na ukabaki hivyo karibu mpaka mwisho wa vita.

Mmoja wa maafisa wa Magruder aliitwa Meja Albert Lea. Msomi wa West Point, mtu wa Tennessee. Vita vilipoanza alikwenda na Kusini. Mwanawe Edward alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji, yeye akabaki na Muungano. Meja Lea alijua mwanawe yumo kwenye Harriet Lane. Mapigano yalipotulia akapewa ruhusa kwenda kwenye ile meli, akamkuta Edward amelala kwenye sitaha, amepigwa risasi, anakata roho. Baba akaondoka mbio kutafuta namna ya kumhamishia nchi kavu. Alipokuwa ameondoka, mtoto akaishiwa. Inasimuliwa kwamba walipomuuliza kama ana neno la mwisho au anataka nini, alijibu tu kwamba baba yake yupo hapa.

Maneno hayo ndiyo yamechongwa kwenye jiwe. Siku ya pili alizikwa pamoja na kamanda wake, Wainwright, na aliyesoma sala ya maziko ni Meja Lea mwenyewe, amevaa sare ya upande uliomuua mwanawe. Na Magruder, jenerali aliyeshinda siku ile, naye yupo hukohuko, makaburi yaleyale.

Nilimsimulia Baba haya tukiwa tumesimama. Nilijitahidi nisitie chumvi, kwa kweli haihitaji. Alisoma jiwe kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, mara mbili. Kisha akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi huyu mtoto?"

"Hajafika thelathini."

"Na baba yake aliishi mpaka lini?"

"Karibu miaka thelathini mingine. Alimalizia hapahapa Texas."

"Mm," alisema Baba. Akainama akaokota kikombe cha plastiki ambacho mtu alikiacha pembeni ya kaburi, akakitafutia pipa. Nikangoja aseme kitu kuhusu mdogo wangu. Hakusema. Nilijisikia mjinga kidogo, kama mtoto aliyetega mtego mahali pa wazi.

Tulipita Strand, pembe ya mtaa wa 22, kwenye ule mchoro mkubwa wa ukutani. Hapo ndipo palipokuwa na jengo ambamo, tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alitolea Amri Na. 3 kwamba watumwa wote wa Texas ni huru, miaka miwili na nusu baada ya Lincoln kutangaza. Ndiyo Juneteenth, sikukuu ya taifa zima tangu 2021. Watu husoma mwanzo wa ile amri. Baba alisoma mpaka mwisho kwenye simu yangu, pale inapowashauri walioachiliwa wabaki kimya majumbani mwao, wafanye kazi kwa mshahara, wala wasikusanyike kwenye kambi za jeshi. "Uhuru na masharti yake hapohapo," alisema. Nikamwambia na kitu kingine nilichokisoma: kwamba kwenye ile alfajiri ya 1863 walikamatwa vijana wawili weusi, watu huru wa Massachusetts, waliokuwa na kile kikosi cha kwenye gati, wakauzwa utumwani hapa Texas. Wenzao weupe walichukuliwa mateka wa vita. Wao waliuzwa. Baba akatikisa kichwa lakini hakushangaa, na nadhani ni pale, tukirudi garini, alipoanza kufunguka, ingawa mimi sikujua bado.

Kwenda Bolivar unapanda pantoni. Ni bure, dakika kama ishirini, na ndege wa baharini wanakufuata nyuma wakitaka maandazi. Baba akasimama mbele kabisa, mikono kwenye chuma. Yeye ni mtu wa Tanga, alikulia kati ya Muheza na Pangani. Akasema inamkumbusha pantoni ya Pangani kwenda Bweni, ila ile inasukumwa na dua. Nikacheka. Halafu bila kunitazama akasema, "Babu yako aliogopa meli mpaka anakufa."

Babu nilimwona mara moja, nina miaka minane, mwaka 1997. Nakumbuka mguu wake mmoja uliokuwa mwembamba kuliko mwingine, na kwamba aliniita "Mmarekani" kwa namna ambayo sikujua kama ni utani. Nilijua alikuwa askari wa Keya, yaani KAR. Nilijua alikwenda Burma, yeye alitamka "Bama". Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa historia yote ya kijeshi ya familia yetu, sentensi mbili.

Tulifika Fort Travis. Siku hizi ni bustani ya kaunti, watu wanakuja kuvua na kuchoma nyama, na katikati ya majani yamekaa yale mahandaki ya zege, makubwa, meusi kwa ukungu, milango yake haina milango. Juu yake unaiona meli yoyote inayoingia kwenye mfereji wa Houston. Nikaanza kumwonyesha Baba ambapo malango yanapangwa kupita. Nikamweleza kwamba zamani walijenga kuzuia watu, sasa tunataka kujenga kuzuia maji, na kwamba mahali ni palepale kwa sababu mlango ni mmoja tu. Aliniachia nimalize, mzee wa adabu. Kisha akakaa kwenye ukingo wa zege, akatoa andazi, na akaniambia.

Babu alikuwa anakata mkonge. Alichukuliwa 1942, au alijiandikisha, Baba anasema tofauti ilikuwa ndogo. Mwaka 1943 walipakiwa meli Kilindini kwenda Ceylon kufanya mazoezi. Rafiki yake wa kambi ya mkonge yeye alipelekwa kwenye mizinga, kikosi cha 301 cha East African Artillery, akafuata baadaye kwenye meli ya Khedive Ismail. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga na ikazama kwa muda mfupi sana. Walikufa watu zaidi ya 1,200, mamia wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi pia. Majina ya wale wapiga mizinga yapo Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Babu hakwenda kuyaona. Alipata habari akiwa Ceylon na tangu hapo hakupenda hata mtumbwi.

Mimi mwanasoma-vitabu wa familia, niliyetoka kumsimulia mambo ya marobota ya pamba, nilikuwa sijawahi kulisikia jina la Khedive Ismail. Nililisikia kwa mara ya kwanza Texas, juu ya handaki.

Kutoka Ceylon walikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Bonde la Kabaw, wakati wa mvua, nusu ya pili ya 1944. Baba alivyohadithiwa, matope yalikuwa yanafika kiunoni, nyumbu wanazama, malaria inashusha watu kuliko Wajapani. Walifika mto Chindwin, na mwezi Desemba wahandisi wa jeshi wakatandaza pale Kalewa daraja la vyuma la kuelea lenye urefu wa zaidi ya futi 1,150, refu kuliko yote ya aina yake wakati ule. (Hilo daraja mimi nilikuwa nalijua! Tulilisoma chuoni, somo la madaraja ya dharura. Mwalimu hakutaja Waafrika hata mmoja, na mimi sikuuliza.) Babu alipigwa mguuni kabla ya Kalewa. Daraja hakuliona.

Alirudi 1946 na nishani, koti zito, na karatasi. Kwenye karatasi waliandika cheo chake, muda aliotumikia, na kwamba amejeruhiwa. Kiinua mgongo alipewa, kidogo. Mwaka 2019 waandishi wa habari waliibua nyaraka za serikali ya Uingereza zinazoonyesha kwamba fedha za kuagwa jeshini zilipangwa kwa rangi ya ngozi, hata mzungu wa cheo hichohicho alipata mpaka mara tatu ya Mwafrika. Babu hakuhitaji nyaraka. Alikuwa amelala hospitali moja na watu, walizungumza. Alichokuwa anadai yeye ni mguu. Aliahidiwa, kwa mdomo na kwa ile karatasi kama alivyoielewa, kwamba mguu utalipwa kila mwezi.

Na hapa ndipo Baba anaingia. Alipofika darasa la tano, katikati ya miaka ya sitini, babu akampa kalamu. Babu hakujua Kiingereza cha kuandika, na mwandishi wa barua wa sokoni alitaka shilingi. Basi mtoto akaandika. Barua kwenda ofisi moja, ikanyamaza. Akaandika nyingine. Wakaambiwa ofisi imehama, wakaandika huko ilikohamia. Baba akaazima kamusi ya mwalimu ili ajue namna ya kuandika "kwa heshima na taadhima". Kila mwaka barua moja au mbili. Jibu lilikuja mara moja, karatasi iliyochapwa, inasema barua imepokelewa.

"Nilimwandikia barua kumi na moja," Baba alisema. "Ya kumi na moja Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha mwalimu mkuu. Hiki Kiingereza kilichonileta Texas, kilichowalisha nyie, nimekijifunza nikidai mguu wa baba yangu."

Sikuwa na la kusema. Upepo ulikuwa mkali, maandazi yameingia mchanga.

Nilijaribu, lakini. Ni kazi yangu ya posta. Nikamwambia Baba, sasa si wakati ule. Mdogo wangu ana mkataba, ameusoma kila mstari, amenionyesha. Ada ya chuo imeandikwa, matibabu yameandikwa, na akiumia kuna utaratibu. Hakuandikishwa kama mkata mkonge. Ni raia, amezaliwa hapahapa Houston, amechagua.

"Babu yako naye alikuwa na karatasi," alisema.

"Lakini Baba, huyu anajua kusoma karatasi yake."

Hapo alinyamaza muda mrefu. Sidhani nilishinda. Nadhani lile neno lilimgusa kwa upande mwingine, manake baada ya hapo alisema polepole, kama anahesabu, kwamba babu naye alikuwa haambiwi kitu. Kwamba mwaka 1979, vita vya Kagera, yeye Baba alitaka kwenda, vijana wa rika lake walikuwa wanakwenda wakiimba, na babu alikataa kusema naye miezi mitatu. Hakumkataza. Alilizunguka jina lake tu. Baba hakwenda, na mpaka leo hajui kama alibaki kwa kumtii baba yake au kwa woga, na hilo hajawahi kumwambia mtu. Amenipa ruhusa niliandike hapa. Nimemuuliza mara mbili.

Mimi ninachofikiri, kama mnataka maoni yangu na si hadithi tu: nimesoma habari za Galveston nikaona jinsi kaunti moja ndogo ilivyojua kuweka mambo yake. Kila ngome ina bango. Luteni mmoja aliyekufa ana jiwe, na maneno yake ya mwisho juu yake. Tanga nako palipiganwa, Novemba 1914, Waingereza wakashuka na askari karibu 8,000, wengi Wahindi, wakarudishwa baharini na jeshi dogo la Wajerumani, askari wake wengi Waafrika, na nyuki. Nyuki wanajulikana dunia nzima. Wapagazi wa vita hivyo, walioupa jina mtaa wa Kariakoo, hawajulikani. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo kwetu sisi bango ni mtu. Bango langu lilikuwa limekaa Alief, linaangalia taarifa ya habari, limenuna, na mimi nilikuwa nadhani limenuna kwa sababu ya mdogo wangu.

Nilikasirika pia, nisiseme uongo. Miaka thelathini na kitu ananisisitizia Kiingereza kizuri, ananirudishia insha zangu na wino mwekundu, na hakuwahi kuniambia kilitoka wapi. Nilimwambia hivyo ndani ya gari, tukiwa kwenye foleni ya pantoni kurudi. Alisema, "Ungekuwa na miaka kumi ungelia. Ungekuwa na ishirini ungefanya mradi wa chuo." Ni kweli ningefanya mradi wa chuo.

Tulipovuka, akaniomba nipite tena Broadway. Jua lilikuwa linazama na geti nilidhani limefungwa, halikufungwa. Alishuka peke yake. Nikamwona kutoka garini akiinama mbele ya lile jiwe na simu yake, akirudi nyuma, akisogea, namna wazee wanavyopiga picha, mkono wote umenyooka. Alikaa huko kama dakika kumi. Aliporudi alinipa simu.

"Nimetuma kwa mdogo wako. Imekwenda?"

Ilikwenda. Picha ya jiwe, imepinda, na kidole cha Baba pembeni. Hakuandika neno. Juu yake ujumbe wa mwisho kati yao ulikuwa wa zaidi ya mwaka uliopita, mdogo wangu akimuuliza kama betri ya gari imepona.

Tulikuwa tumefika League City simu ilipolia kwenye kikombe cha gari. Baba hasomi bila miwani, akanipa nimsomee, nikamwambia naendesha. Akavaa miwani. Akaitazama muda.

"Ameweka kidole gumba," alisema. "Hicho maana yake nini?"

Nikamwambia maana yake ameiona.

"Ameiona tu?"

"Mpigie umuulize, Baba."

Akavua miwani, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Tulipofika Alief alimsalimia Mama, akala, akaingia chumbani na simu, akafunga mlango. Mama akapunguza sauti ya televisheni. Tukakaa pale wawili, tunajifanya tunaosha vyombo.